Steringi Anapooza Kabla ya Mwisho: Stori ya Muvi za Sayansi Iliyobuma

Mwaka 1931, watu waliolipa kiingilio kuangalia Frankenstein walikutana na kituko hata kabla stori haijaanza. Majina ya waigizaji yalipita kwenye skrini kama kawaida: huyu anacheza daktari, huyu mchumba wake, huyu rafiki. Ilipofika zamu ya lile jitu, ambalo ndilo kila mtu alikuwa amelifuata, hapakuwa na jina. Paliwekwa alama ya kuuliza tu, basi.

Wengi wangesema hiyo ni kiki ya Hollywood, na kiki kweli ilikuwa, ila ilikuwa imeshapigwa miaka zaidi ya mia moja nyuma. Mwaka 1823, stori hiyohiyo ilipowekwa jukwaani London, karatasi ya matangazo ilitaja kila mhusika na mwigizaji wake, halafu mbele ya jina la mwigizaji wa jitu pakaachwa mstari mtupu. Mary Shelley, dada aliyeandika kitabu chenyewe, alikwenda kuuona mchezo huo na akaufurahia sana ujanja wa kukiacha kisichotajika bila kukitaja. Na kukosa jina alikuwa anakujua vizuri. Kitabu chake kilipotoka Januari 1818, nakala 500 tu, hakikuwa na jina la mwandishi popote. Alikuwa na miaka 20. Alianza kukiandika akiwa na 18, kando ya ziwa Geneva, katika kiangazi cha 1816 ambacho kilikuwa baridi na mvua mtindo mmoja kwa sababu volkano ya Tambora, huko Indonesia, ilikuwa imelipuka mwaka mmoja kabla na kuchafua anga la dunia nzima. Wasomaji wa mwanzo walidhani ni kazi ya mwanaume, na baadhi wakamkabidhi sifa mume wake.

Kwa hiyo kiumbe hana jina, na aliyemtunga naye hana jina. Ndiyo maana mpaka leo watu wanaliita jitu "Frankenstein", wakati hilo ni jina la jamaa aliyelitengeneza. Na jamaa mwenyewe kitabuni hata daktari si, ni mwanafunzi tu wa chuo aliyejifungia chumbani.

Kilichokuwa kipya katika stori ile ni kwamba ndani yake hakuna mganga, hakuna jini, hakuna kafara wala laana ya ukoo. Kuna mtu aliyesoma, mwenye vifaa na usongo. Na wasomaji wa wakati huo hawakuhitaji kuambiwa mara mbili, maana mambo yenyewe yalikuwa yanafanyika mitaani kwao. Mwaka 1803, London hiyohiyo, Mwitaliano Giovanni Aldini alichukua mwili wa mtu aliyetoka kunyongwa kwa kosa la mauaji, akaugusisha nyaya za umeme mbele ya watu. Taya likatetemeka na jicho moja likafumbuka. Aldini hakudai kwamba amemfufua mtu, lakini waliokuwepo waliona walichokiona.

Sasa turudi kwa ile alama ya kuuliza. Nyuma yake alikuwepo Boris Karloff, Mwingereza wa miaka 43 aliyekuwa amecheza muvi kibao bila mtu kumjua. Na nyuma ya Karloff alikuwepo mtu ambaye hata leo wapenzi wengi wa muvi hawamjui: Jack Pierce, mhamiaji kutoka Ugiriki, mkuu wa mekapu pale Universal. Kila siku ya kazi Pierce alimweka Karloff kitini karibu saa 4, akijenga kichwa kwa pamba na gundi, tabaka juu ya tabaka. Kile kichwa bapa kina hesabu yake. Pierce aliwaza kwamba daktari anayetaka kuingiza ubongo, na ambaye hajali urembo, angekata fuvu juu kama mfuniko wa sufuria, akatia mzigo, akafunika na kubana. Vile vyuma vya shingoni navyo ni sehemu za kuchomekea umeme. Karloff akachangia la kwake: alikuwa na meno ya bandia upande mmoja, akayatoa, shavu likabonyea ndani kama la maiti.

Siku zile hapakuwa na kikomo cha saa za kazi kwa mwigizaji. Mtu anaingia alfajiri, anatoka usiku, na uso wote umejaa gundi. Karloff alikuja kuwa mmoja wa waanzilishi wa chama cha waigizaji wa Marekani mwaka 1933, na wanaoijua historia yake wanasema mateso ya jitu hayakuwa mbali na uamuzi huo. Muvi ikampa jina kubwa. Pierce mwenyewe, katika miaka ya 1940, studio ilimwacha aende. Mpira ulikuwa umeingia sokoni, watu walitaka mekapu ya haraka na ya bei nafuu. Akafa mwaka 1968. Tuzo ya Oscar ya mekapu inayotolewa kila mwaka ilikuja kuanza kutolewa mwaka 1982.

Baada ya Frankenstein, mlango ulikuwa wazi. Mwaka 1932 ikatoka Island of Lost Souls, kutoka kwenye riwaya ya H. G. Wells ya 1896: mwanasayansi yupo kisiwani anawakata wanyama mpaka wawe watu, bila ganzi, kwenye chumba ambacho wanyama wenyewe wamekiita Nyumba ya Maumivu. Uingereza iliipiga marufuku mpaka 1958. Ni muvi katili hata kwa macho ya leo, na sababu yake si damu, kwa kuwa damu haionekani. Sababu ni sauti. Mtazamaji anasikia kilio tu kutoka upande wa pili wa ukuta, kisha anaziona sura za waliotoka mle, wamesimama gizani wakiapa kufuata sheria ambayo wao hawakuitunga.

Halafu likaja bomu, na hofu ikabadilika. Machi 1954 Marekani ililipua bomu la haidrojeni kisiwani Bikini, majivu yake yakawaangukia wavuvi 23 wa Kijapani waliokuwa baharini na shughuli zao. Kabla mwaka haujaisha, Japani ilikuwa na Godzilla sinema. Uingereza mwaka uliofuata ikatoa The Quatermass Xperiment, kuhusu mwanaanga anayerudi duniani akiwa na kitu kinachomla taratibu kutoka ndani. Mwanasayansi aliyejifungia na ndoto zake alikuwa amepitwa na wakati. Sasa maabara ilikuwa ni ya serikali, na aliyeathirika ni yeyote aliyekuwa upande ambao upepo ulivuma.

Ndiyo maana The Fly ya 1958 ina ladha ya peke yake, kwa sababu imerudi nyumbani. Ni mume, mke, mtoto mmoja wa kiume, na maabara iliyo chini ya nyumba.

Aliyetunga stori hiyo ana maisha ambayo yangestahili muvi yake. George Langelaan alizaliwa Paris kwa wazazi wenye asili ya Uingereza, akawa mwandishi wa habari, kisha vita ya pili ya dunia ikamkuta. Waingereza wakamwajiri kazi ya siri ndani ya Ufaransa iliyotekwa. Tatizo likawa moja: sura yake ilikuwa inajulikana kule. Suluhisho lao lilikuwa kisu cha daktari. Akafanyiwa upasuaji wa uso ili asitambulike, akashushwa Ufaransa kwa mwavuli mwaka 1941. Akakamatwa, akahukumiwa kifo, akatoroka mwaka 1942. Miaka 15 baadaye, Juni 1957, akachapisha kwenye jarida la Playboy hadithi ya mtu anayeingia kwenye mashine akiwa na uso wake na kutoka akiwa na uso mwingine, ambaye mke wake inabidi aongee naye kupitia kitambaa alichojifunika kichwani. Watu wanaposema stori kama hizo zinatoka hewani, wamfikirie huyo bwana akijitazama kwenye kioo mara ya kwanza baada ya bandeji kutolewa.

Muvi ikatengenezwa haraka na kutoka mwaka uliofuata. Mwanasayansi wa Montreal amegundua namna ya kuvunja kitu kikawa chembechembe upande huu na kukikusanya upande ule. Anajaribu sahani: inatokea, ila maandishi yamegeuka kinyumenyume. Anajaribu paka wa nyumbani: hatokei kabisa, inabaki sauti yake tu ikilia "nyau" hewani, na hapo ndipo mtazamaji anapaswa kushtuka kabla ya jamaa mwenyewe. Kisha anaingia yeye, na nzi naye ameingia. Wanatoka wawili waliobadilishana kichwa na mkono. Watoto wa miaka ile hawakuisahau ile sekunde mke anapovuta kitambaa, wala ile ya mwisho kule bustanini, kwenye utando wa buibui, na kale kasauti kembamba. Vincent Price, aliyecheza kaka wa mwanasayansi, alisimulia baadaye kwamba sehemu hiyo iliwashinda kuicheza. Yeye na mwenzake walikuwa wakitazamana wanaangua kicheko, wanaanza upya. Mwongozaji, Kurt Neumann, alifariki wiki chache tu baada ya muvi kutoka, kabla ya kuona imekuwa kubwa kiasi gani.

Kwa kweli muvi ile ina kasoro ambayo mtoto wa darasa la tatu angeiona. Kama kichwa kimebadilishwa na kuwa cha nzi, akili ya mtu inakaa wapi? Kilichokuja kuifanya The Fly ya 1986 kuwa moto wa kuotea mbali ni kwamba waliokaa kuiandika upya waliuliza swali hilo, wakajibu: hakuna kubadilishana. Kompyuta imekutana na viumbe wawili mahali palipotakiwa kuwa na mmoja, haikujua cha kufanya, ikawachanganya. Hakuna kichwa cha nzi. Kuna binadamu anayeanza kuwa kitu kingine kuanzia ndani, polepole, kama ugonjwa.

Mwongozaji wake alikuwa David Cronenberg wa Toronto, ambaye miili ilikuwa kazi yake tangu miaka ya 1970. Pesa ilitoka kwenye kampuni ya Mel Brooks, mfalme wa vichekesho, ambaye aliliondoa jina lake kwenye muvi makusudi: watu wangeliona wangeingia ukumbini wakicheka. Naye tumhesabu kwenye orodha ya wasiotajwa.

Jeff Goldblum anacheza mwanasayansi mpweke anayemwingiza mwandishi wa habari, Geena Davis, kwenye siri yake. Wawili hao walikuwa wapenzi hata nje ya kamera, na inaonekana. Mashine kwanza inamgeuza nyani ndani nje. Inarekebishwa, nyani wa pili anatoka salama. Usiku uleule jamaa analewa kwa wivu, anadhani demu amerudi kwa bosi wake, anaingia mwenyewe. Hapo ndipo pa kuangalia kwa makini: balaa lote halikuanzia kwenye kiburi cha kutaka kuwa Mungu, kama wanavyosema mara nyingi kwenye muvi za aina hii. Lilianzia kwenye pombe na wivu. Angesubiri asubuhi, angemkagua nzi.

Na mwanzoni mambo ni matamu. Anaamka na nguvu, anaruka sarakasi, halali, anamimina sukari kwenye kahawa kijiko baada ya kijiko, anaongea bila kituo. Anaamini mashine imemsafisha. Kisha nywele ngumu mgongoni. Kisha kucha inachomoka mbele ya kioo cha bafuni, na anavyoiangalia, mwili wa mtazamaji nao unasisimka. Sikio linadondoka. Viungo vinavyotoka anavihifadhi kwenye kabati la dawa, anaviita makumbusho, na anatania kuhusu hali yake akiwa anajua kabisa mwisho wake.

Aliyesimamia mekapu, Chris Walas, alikuwa ametoka kutengeneza vile vikatuni vya Gremlins. Aliifanya kazi kinyume: alianza kubuni jitu la mwisho kabisa, halafu akarudi nyuma hatua kwa hatua mpaka kwenye uso wa kawaida wa Goldblum, ili kila upele wa mwanzo uwe kweli unaelekea mahali. Katika hatua za mwisho Goldblum alikaa kitini hata saa 5 kabla ya kamera kuwashwa. Kuna kipande kilichopigwa na kisha kukatwa, ambapo jamaa anamchanganya nyani na paka kutafuta tiba halafu anaishia kukiua kiumbe kile kwa kukipiga. Kwenye onyesho la majaribio watazamaji walimchukia papo hapo, wakaacha kumhurumia, na muvi nzima inasimama juu ya huruma hiyo. Kikatolewa.

Wazee wa kibanda umiza wana kanuni yao: steringi hafi. Anaweza kupigwa risasi, kuangushwa ghorofani, lakini mwisho anatoka anachechemea. The Fly inaivunja kanuni hiyo vibaya sana. Steringi ndiye huyohuyo adui, na anachoomba mwishoni, kwa kulishika domo la bunduki na kuliweka kwenye kichwa chake, ni kuuawa na anayempenda.

Ilikuwa 1986. Ukimwi ulikuwa kwenye magazeti yote ya Marekani, na watazamaji wengi waliona kijana anayekonda, anayetoka madoa, ambaye watu wanaogopa kumkumbatia. Cronenberg amesema mara nyingi kwamba alikuwa anawaza uzee na maradhi kwa ujumla wake, kwamba kila mtu atapitia hilo hata bila mashine. Hoja yake inaeleweka, lakini muvi ikishatoka si ya mwongozaji peke yake. Mkoani Kagera, ambako wagonjwa wa kwanza wa Tanzania walitambuliwa mwaka 1983, watu walikuwa tayari wameshaupa ugonjwa jina la kitambaa cha magendo, Juliana, kwa sababu kuliita jambo lenyewe kulitisha. Mtu wa kule angeiangalia The Fly mwaka ule na asihitaji kutafsiriwa chochote.

Marekani na Kanada peke yake muvi iliingiza zaidi ya dola milioni 40. Walas na mwenzake Stephan Dupuis wakachukua Oscar ya mekapu mwaka 1987. Goldblum, aliyeigiza chini ya mzigo wote ule mpaka machozi yakaonekana, hata kutajwa kugombea hakutajwa. Kuna watu bado wana hasira na hilo.

Lakini kuna jambo ambalo muvi hizi, hata zile kali, huwa zinalipendezesha. Katika The Fly zote mbili mwanasayansi anaingia mwenyewe kwenye mashine. Kosa ni lake na mwili ni wake. Kwenye historia halisi anayeingia mara nyingi ni mtu mwingine, na hajaambiwa. Mwaka 1932, wakati Frankenstein bado ni habari ya mjini, idara ya afya ya Marekani ilianza utafiti Tuskegee, Alabama, juu ya wanaume weusi 600, ambao 399 kati yao walikuwa na kaswende. Waliambiwa wanatibiwa "damu mbaya". Hawakutibiwa. Penisilini ilipokuwa dawa ya kawaida kufikia 1947 hawakupewa, kwa sababu lengo lilikuwa kuangalia ugonjwa unaufanya nini mwili mpaka mwisho. Ukasimamishwa 1972, baada ya magazeti kuuanika. Miaka 40.

Mwaka 1951, Baltimore, seli za mama mmoja mweusi aliyekuwa anakufa kwa saratani zilichukuliwa bila yeye kuulizwa. Zilikuwa za kwanza za binadamu kuendelea kuzaliana maabara bila kikomo. Zikasambazwa duniani kwa herufi nne, HeLa, na kwa muda mrefu vitabu vilimtaja mwenyewe kwa jina la uongo, Helen Lane. Aliitwa Henrietta Lacks. Familia yake ilijua mambo hayo zaidi ya miaka 20 baada ya kumzika.

Pwani na bara ya Afrika Mashariki hofu hiyo ilikuwa na jina kabla ya sinema kufika: mumiani. Wakati wa ukoloni watu waliambizana kwamba kuna wanaokamatwa usiku na kunyonywa damu ili itengenezwe dawa, na magari ya zimamoto yakanyooshewa kidole. Wakoloni waliona ni ushamba. Lakini ilikuwa ni stori ya kutisha ya maabara ikisimuliwa na upande wa pili wa sindano, upande ambao Hollywood hukumbuka kuupa kamera mara chache sana. Ufaransa iliugusa mwaka 1960 na Les Yeux sans visage: daktari mkubwa anateka wasichana na kuwavua ngozi za uso ili amrudishie binti yake sura. Ni muvi tulivu, karibu nzuri kupita kiasi, na binti mwenye kinyago cheupe ndiye wa kwanza kusema imetosha.

Kutoka hapo mpaka The Substance ya 2024 si mbali. Demi Moore ni staa wa mazoezi ya televisheni anayefukuzwa siku anapotimiza miaka 50. Anapata namba ya simu. Anapewa kadi yenye 503, anapewa sindano ya kimiminika cha kijani, na mgongo wake unapasuka, anatoka binti mbichi. Masharti ni wiki moja huyu, wiki moja yule. Coralie Fargeat, mwongozaji, aliamua kwamba mwanasayansi asionekane kabisa. Hakuna daktari, hakuna ofisi, kuna sauti tu kwenye simu inayomkumbusha mteja kwamba yeye na yule binti ni mtu mmoja, kisha inakata. Alama ya kuuliza ya 1931 imehama, imetoka kwa jitu imekwenda kwa mtengenezaji. Yeyote aliyewahi kununua mkorogo kwenye kopo lisilo na lebo, au sindano kwa dada wa Instagram asiye na anwani, ameshaongea na sauti hiyo.

Usiku wa Oscar, Machi 2025, watu watatu wa mekapu wa The Substance walipanda jukwaani kuchukua tuzo yao. Demi Moore, aliyepewa nafasi kubwa ya kushinda kama mwigizaji bora wa kike, akaikosa. Ikaenda kwa Mikey Madison, miaka 25. Mtandaoni haikuchukua hata dakika kumi watu kuanza kuandika kwamba hiyo ndiyo muvi yenyewe, sehemu ya pili.